Karibu, Shemeji

Mimi ni fundi cherehani na ulimi wangu hauna breki. Wateja wangu wote wanalijua hilo na bado wanaleta nguo. Nalisema mapema ili mtu asije akaniuliza nilijuaje mambo ya ndani ya nyumba isiyo yangu. Nyumbani kwangu ni mlango wa tatu kutoka hapa, lakini kwa miaka tisa nimepanga chumba cha mbele cha nyumba ya Mzee King'ora, nimekifanya duka langu la ushonaji. Kati ya meza yangu ya kukatia na jiko la mkewe kuna ukuta wa mbao, na mbao zenyewe zimekauka zikaachana. Sisikilizi kwa makusudi. Nasikia tu.

Mzee King'ora alikuwa mpiga king'ora wa kiwanda cha nguo, kule barabara inapoishia. Watoto wa siku hizi wanadhani king'ora hujilia chenyewe, na sasa ni kweli, wameweka mtambo. Lakini kwa miaka thelathini na mmoja kilivutwa kwa mkono wa mtu, kwa mnyororo, saa kumi na mbili kamili asubuhi: mlio mrefu, mfupi, halafu mrefu tena. Mtaa mzima uliamka kwa mkono huo, walimu, waokaji, madereva, hata wavivu. Alichelewa mara moja tu, dakika nne, siku mkewe alipojifungua binti yao wa pekee. Wanasema siku hiyo hata watu wasio na kazi walichelewa.

Ili avute mnyororo saa kumi na mbili ilimbidi atoke saa kumi na moja, na ili atoke saa kumi na moja mkewe alimwamsha saa kumi. Alimpashia maji, akamfungia chakula kwenye kopo la bati, akamfungulia mlango na kumwambia, "Kazi njema, mzee wangu." Siku za mapumziko pia mzee alikwenda, maana alidai hakuna mwingine aliyejua kuuvuta ule mnyororo bila kuukwamisha. Huo ulikuwa ni ujeuri tu, na mwenyewe alikuja kukiri mbele yangu, huku akilia. Miaka yote hiyo hawakuwahi kunywa pamoja chai ya asubuhi.

"Nikistaafu," alikuwa akimwambia mkewe, "chai ya asubuhi ni mimi na wewe, na mtu asitugongee mlango."

Mama yule alimwamini kiasi cha kununua vikombe viwili vya kaure, rangi ya bluu, na visahani vyake, akavifungia kabatini. Siku moja nilipata mteja wa maana nikaenda kuazima kimoja ili nimnyweshee chai. Akaniangalia kama niliyeomba kuazima mume.

"Hivyo ni vya kustaafu, mwanangu," akaniambia. "Chukua bilauri."

Mzee alistaafu. Wengine wakistaafu hununua kiti cha kulalia. Yeye alinunua daftari, akachora mistari kwa rula na kuandika ratiba ya asubuhi. Alikuja kunionyesha kwa fahari kama mtoto aliyefaulu. Saa kumi na mbili, kuamka. Saa kumi na mbili na nusu, chai na mke wangu, bila haraka. Saa moja, kumwagilia maua. Saa moja na nusu, kutembea hadi darajani na kurudi. Saa mbili hadi saa mbili na robo, kutulia.

"Mzee," nikamwambia, "yaani kutulia umejipimia robo saa?"

"Nimeanza na robo. Tukizoea tutaongeza."

Nilicheka mpaka pini zikanitoka mdomoni.

Wiki saba. Nilizihesabu baadaye, nilipokuwa natafuta kitu cha kumfariji. Kwa wiki saba kila asubuhi nikiwa dukani nilisikia vijiko vikigonga kaure upande wa pili wa mbao, na wazee wawili wakicheka kwa sauti ya chini kama watu waliotoroka shule. Mambo yenyewe yalikuwa ya bure kabisa: kama mkate wa jana umekauka, kama yule ndege wa kwenye paa ni yuleyule wa juzi. Nakumbuka nilimwonea wivu yule mama, na nilitaka kumwambia.

Hata katika wiki hizo mama alikuwa akimwamsha saa kumi. "Amka, utachelewa." Mzee anamjibu, "Nimestaafu, mama," naye anajipiga paji la uso, wanacheka, wanarudi kulala. Mzee alinisimulia kama kichekesho. Nani asingezoea, baada ya miaka thelathini na mmoja? Kisha akaanza kumwamsha mara mbili kwa alfajiri moja. Baadaye hakucheka tena. Akawa anasimama kando ya kitanda, kopo la chakula mkononi, anasema, "Watu watachelewa kwa ajili yako! Utafukuzwa, mzee wangu, amka!"

Daktari alimweleza mzee kwamba ugonjwa huu wa kusahau hauanzi na mambo ya zamani. Unaanza na ya jana, halafu ya juzi, unarudi nyuma taratibu. Na kustaafu kwake kulikuwa jambo la jana. Zile wiki saba zilikuwa za kwanza kufutika.

Binti yao, ambaye ni muuguzi na anaishi mji mwingine, alikuja mwisho wa juma. Ni mtoto mzuri, ila anaamini kila kidonda husafishwa kwa spiriti. Alimketisha mama yake, akamshika mikono yote miwili.

"Mama, baba amestaafu. Huyu hapa. Haendi kazini tena."

Mama akamtazama mzee, akasikiliza kidogo, akauliza, "Kama yuko hapa, asubuhi king'ora kililizwa na nani?"

"Mtambo, mama. Unajiendesha wenyewe."

"Hakuna mtambo. Ni mume wangu." Kisha nikasikia sauti yake ikibadilika. "Mnanificha. Amekufa, eti? Mmekuja kuniambia amekufa?"

Alilia siku nzima. Alilia kilio cha msiba, na mume mwenyewe amekaa pembeni yake anamfuta machozi. Niliacha kushona, sikuweza. Kufikia jioni alikuwa amesahau alikuwa analilia nini, lakini macho yalibaki yamevimba na akawa anauliza nani kamkosea. Binti alipopanda basi kurudi, mzee aliniambia, "Sitamfanya mjane tena mimi nikiwa hai."

Basi alfajiri iliyofuata, mama alipokuja na kopo la bati, mzee aliamka. Alivaa koti lake la kazi la kahawia, akapokea kopo na kuambiwa kazi njema, akatoka. Alikwenda hadi geti la kiwanda, akasimama pale kama mtu aliyesahau kitu, akarudi. Alinikuta ndiyo kwanza nafungua duka. Alivua koti akaliweka juu ya kiti changu, maana alisema linanuka uongo. Tukakaa. Saa kumi na mbili king'ora kikalia, na hapo upande wa pili wa mbao sauti ya mama ikasema taratibu, "Nimesikia, mzee wangu."

Mimi nilikuwa nimeyasikia maneno hayo miaka tisa. Nilidhani ni aina fulani ya dua. Mzee akanigeukia.

"Anasema hivyo kila siku?"

"Kila siku uliyokuwa kazini, mzee. Toka nihamie hapa."

"Hajawahi kuniambia." Akainama, akaweka kiganja juu ya mbao. "Miaka yote hiyo nilidhani napigia watu."

Ilipofika saa moja akapiga moyo konde, akazunguka kwenda mlango wa nyumba yake, amevaa shati tu. Mlango ulikuwa na komeo. Na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mpaka leo nalikasirikia, ingawa sijui angefanya nini kingine. Badala ya kusema "nifungulie" kama mwenye nyumba, alisema, "Hodi."

Nani anapiga hodi kwake? Lakini mtu aliyetoka nyumbani kwa uongo hurudi kwa woga, nadhani.

"Karibu," mama akaitika. Komeo likatoka. "Mwenyewe hayupo, yuko kazini. Wewe ni nani kwake?"

Mimi nimeshika mkasi, siukati huo uzi wala siuachi.

"Rafiki yake," mzee akasema. "Tunafanya kazi pamoja."

"Ah! Basi karibu, shemeji. Karibu ndani unywe chai."

Shemeji. Shemeji wa mke wake mwenyewe! Aliporudi kwangu baadaye nilimwambia ulimi wangu ulipoishia: kesho yake aingie tu bila hodi, akae, adai chai yake. Akajaribu. Mama akapiga ukelele wa mwizi mpaka majirani wakatoka na miiko. Tangu hapo mzee hakuingia asubuhi bila hodi.

Jioni ilikuwa tofauti. Saa kumi, wakati zamu yake ya zamani ilipokuwa ikiisha, alivaa koti la kahawia, akashika kopo, akaingia moja kwa moja, na mama akamjua. "Umerudi, mzee wangu? Pole na kazi." Sijui koti lilimsaidia au saa, au ni mazoea tu ya mwili. Alikuwa na wanaume wawili, mume wa jioni na shemeji wa asubuhi, na wote walikuwa wakila sahani moja.

Nilimpa mzee ufunguo wa pili wa duka. Kuanzia saa kumi na moja alikaa mle, sikio ukutani, ili mama asianguke wala asiunguzwe na moto bila yeye kujua. King'ora kikilia alisimama. Anasimama hasa, kama mtu anayeitwa, anasikiliza yale maneno mawili matatu, ndipo anakaa. Saa moja anakwenda kupiga hodi. Aliandika ratiba mpya kwenye lile daftari, nami nikaisoma alipolisahau mezani: saa kumi, kuamshwa. Saa kumi na moja, kwenda kazini. Saa kumi na mbili, kuitikiwa. Saa moja, kukaribishwa. Ile robo saa ya kutulia hakuirudisha.

Koti likachakaa kwenye shingo. Nikamshonea jipya, kitambaa kilekile, vifungo vilevile. Nimeshona sare nyingi maishani, lakini ile ya kazi isiyokuwepo ndiyo pekee niliyoipiga pasi mara mbili.

Nisiseme yalikuwa majonzi matupu. Mama alimpenda yule shemeji. Alimpa chai kwenye bilauri, akamsimulia habari za mumewe, naye mzee akasikiliza habari zake mwenyewe kama zilivyoonekana kutoka jikoni. Nilimsikia akimwambia kwamba mumewe hajui kukunja shati wala kuomba radhi, ila akikosea hufagia uwanja wote bila kuambiwa. Nilimsikia mzee akicheka mpaka akakohoa. Siku moja akathubutu kuuliza.

"Hukuchoka, shemeji? Asubuhi zote hizo peke yako?"

"Nilichoka sana," mama akasema. "Mwanzoni nilikuwa nalia akishaondoka. Nilimwambia mtu? Sikumwambia. Angevutaje ule mnyororo akijua nalia? Halafu nikajizoesha kumwitikia. Kikilia najua yuko hai, mkono wake mzima, na mimi naitikia. Ndiyo chai yetu hiyo, mpaka atakapostaafu. Ameniahidi. Vikombe viko kabatini, nitakuonyesha."

Akamwonyesha. Akafungua kabati, akavitoa, akamwambia anaweza kutazama lakini asishike. Mzee alitoka huko akaja kukaa chini ya meza yangu ya kukatia, chini kabisa kwenye vitambaa vilivyokatwa, akalia kama alivyolia mama siku ile ya msiba. Ndipo aliponiambia habari ya zile siku za mapumziko, kwamba walikuwepo vijana wawili waliojua vizuri kabisa kuvuta ule mnyororo.

"Muombe akupe kikombe chako," nikamwambia.

"Nimuombeje? Kwake mimi ni mgeni, na kikombe ni cha mwenye nyumba."

Hicho tu ndicho alichokitaka wakati ule. Hakutarajia mama apone, daktari alishamkatisha tamaa ya hilo. Alitaka asubuhi moja mama amnyweshee chai kwenye kikombe cha bluu, hata kama atamwita shemeji, hata kwa kupitiwa tu. Kila siku akirudi kwangu sikuuliza. Alitikisa kichwa: bilauri.

Miezi ikapita. Mama alianza kujitayarisha. Namsikia saa moja kasoro robo anafagia, anapanga viti, anapaka mafuta. Siku moja aligonga ukuta akaniuliza kama nina kipande cha kitambaa kizuri cha kichwa. Nikampa cha maua, nikajua moyoni kinachokuja, nikafurahi kama mjinga. Nilidhani sasa ndiyo siku ya kikombe.

Asubuhi hiyo mzee alipiga hodi. Mama hakusema karibu. Alifungua mlango akabaki kizingitini, na kwa kuwa mlango wao na wangu inatazama uwanja mmoja, niliwaona. Amefunga kile kitambaa, amependeza, mikono ameifumba tumboni.

"Shemeji," akasema, "naomba usije tena."

"Nimekukosea?"

"Hujanikosea. Wewe ni mtu mzuri sana." Akatazama chini. "Nimeanza kukusubiri. Naamka nakusubiri, navaa kwa ajili yako. Si vizuri. Mume wangu yuko kazini anahangaika kwa ajili yangu, na mimi huku nakaa nasubiri hodi ya mtu mwingine. Akijua ataumia. Nisamehe, shemeji. Kwa heshima yake, usije."

Mzee alifungua mdomo. Nilisema kimoyomoyo, mwambie, mwambie sasa hivi! Lakini niliona anakumbuka siku ya binti yao. Aliuinamisha mwili kidogo, kama mtu anayeaga wakubwa.

"Mumeo ana bahati," akasema.

"Mimi ndiye mwenye bahati," mama akajibu, akafunga mlango, komeo likaingia.

Alikuja kwangu akakaa kwenye kiti chenye koti. Mimi ndiye niliyelia kwanza, na kwa hasira. Nikamwambia huu ni upuuzi, kesho abadilishe kofia, aseme ni msoma mita, fundi bomba, yeyote, apige hodi upya. Mama atasahau.

"Atasahau," akasema. "Lakini ameniomba kwa heshima yangu. Nikirudi nitakuwa nimemdharau mumewe."

Akafungua daftari, akaniomba penseli ninayochorea vitambaa, akaukata mstari wa saa moja. Alibaki akiitazama nafasi ile muda mrefu, hakujua aandike nini. Nikampa shati la mteja na sindano, nikamwonyesha namna ya kukaza kifungo. Alishona vifungo mpaka alasiri, pole pole, kila kimoja akikivuta mara tatu kuhakikisha.

Saa kumi alivaa koti, akachukua kopo, akaingia nyumbani kwake bila hodi. Nikaisimamisha cherehani. Siku hiyo nilisikiliza kwa makusudi.

"Umerudi, mzee wangu? Pole na kazi."

"Nimeshapoa."

"Kaa nikwambie neno, usikasirike. Kuna rafiki yako mmoja alikuwa akija hapa asubuhi. Mstaarabu, hana tatizo. Lakini nimemwambia asije tena."

Kiti kililia, mtu amekaa.

"Umefanya vizuri, mke wangu."

"Hujakasirika?"

"Sijakasirika."

"Na vikombe vyetu hakuvigusa, ujue. Njoo uone." Nikasikia kabati likifunguliwa, kaure ikigonga kaure, halafu kabati likafungwa na ufunguo ukazungushwa. "Vumilia, mzee wangu. Zimebaki siku chache tu ustaafu."

"Ndiyo," mzee akasema. "Zimebaki chache."